Sharti la Nne

Benchi lile lina miguu minne, mmoja si wake. Uliungwa kwa kipande cha mlango wa kabati na haujaacha kulalamika. Limekaa kati ya kibanda cha mtengeneza kompyuta na chumba cha mshonaji, chini ya bati lililotoboka mahali panapojulikana. Nafasi yake ni ya watu wanne, lakini hukaliwa na watatu, kwa sababu Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini, hukaa kama bado kuna gia katikati ya magoti yake, na hajawahi kumpisha mtu. Pembeni yake hukaa Wakili, ambaye si wakili. Alikuwa mlinda mlango wa mahakama. Kesi alizisikilizia kwenye upenyo wa mlango, akastaafu na nusu ya kila sheria. Mbele yao, juu ya ndoo iliyopinduliwa, hukaa Birika muuza kahawa. Na siku hiyo, mwishoni mwa benchi, laptopu mapajani, alikaa Bisibisi mtengeneza kompyuta, na hakuwa na raha hata chembe.

— Soma tena, akasema Wakili. Na usome polepole. Barua ya kisheria haisomwi kama umekalia moto.

Bisibisi akasoma kwa mara ya tatu:

— "Tumeijaribu programu yako ya kukatia nguo. Inafanya kazi, na tumeipenda. Lakini leseni yake hatuwezi kuipokea. Masharti yote manne yanavunja kanuni zetu. Yarekebishe kabla ya saa kumi leo alasiri, au usubiri toleo lijalo la mfumo, baada ya miaka miwili."

— Yote manne? akauliza Birika.

— Yote manne.

— Hata langu?

— Hata lako.

Birika akakitazama kikombe alichokuwa anakisuuza kana kwamba nacho kimekataliwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Chumba cha pili pale ni cha dada yake Bisibisi, mshonaji. Ukivaa shati alilolikata yeye, ukainua mkono kufika juu ya kabati, shati halipandi, kwapa halivuti, kifungo hakikatiki. Mafundi wengi wamelifumua shati lake kutafuta siri, wakaishia kuwa na vipande vya shati. Lakini mwaka jana vidole vya Dada vilianza kukakamaa. Kwanza mkasi ukawa mzito, halafu sindano, halafu hata kitasa cha mlango. Ndipo Bisibisi akaketi naye miezi minane, yeye anasema, huyu anaandika, mpaka ikapatikana programu: unaingiza vipimo vya mtu, kompyuta inachora vipande vyote vya nguo, unachapisha, unakata. Mkono wa Dada wote umo humo. Nje ya humo, umebaki kwenye vidole visivyokunjika.

Chuo cha ufundi alikokuwa akifundisha Dada kilikuwa kimepata kompyuta ishirini zenye mfumo wa uendeshaji wa bure, ule ambao hutungwa na watu wa huku na huku wasioonana, na hauna tajiri ila una kanuni. Mkuu wa chuo aliapa kwamba haingii programu yoyote isiyokuja na mfumo wenyewe, maana zile za wizi za mwaka juzi zilimletea virusi vilivyokula mitihani. Kwa hiyo njia ilikuwa moja: programu ikubaliwe ndani ya mfumo. Na mfumo ulitaka leseni, yaani maandishi ya kusema nani anaruhusiwa kufanya nini. Watu wenye akili zao huchagua leseni moja katika zile zilizokwisha kubalika, wakaenda kulala. Bisibisi yeye aliuliza benchi. Kwa alasiri moja na mabirika matatu, wakaandika masharti manne, kila mmoja lake, na sasa watu wa mfumo walikuwa wamejibu.

— Mimi nilisema toka siku ile, akasema Breki.

— Ulisema nini?

— Sikumbuki. Lakini nilisema.

— Wazee wangu, akasema Bisibisi, sasa hivi ni saa nane na robo. Dada yuko kliniki anaminywa vidole. Akirudi ataniuliza jambo limefika wapi, nami nitamjibu nini? Tupitie moja moja, tufute.

— Hufuti kitu, akasema Wakili. Penye wengi hapaharibiki neno. Sisi tulikuwa wanne.

Bisibisi akaifungua leseni. Akaanza na la kwanza, la Wakili mwenyewe.

— "Programu hii itumike kwa wema tu, wala isitumike kwa uovu wa aina yoyote."

— Sasa hapo pana ubaya gani? Wakili akafungua mikono. Wanataka uovu?

— Wameandika hivi: "Kanuni yetu haimchagulii mtu kazi ya kufanyia programu. Na nani atakayeamua kipi ni chema?"

— Mahakama!

— Ipi?

— Yenye mamlaka.

— Mtu yuko upande wa pili wa dunia, anakata suruali. Mahakama ipi yenye mamlaka juu ya hiyo suruali?

Wakili akanywa kahawa. Ukimwona anakunywa bila kupuliza, ujue anatafuta.

— Na mwizi je? akasema mwishowe. Mwizi akijishonea koti la mifuko ya ndani kwa programu ya dada yako?

— Mwizi naye anahitaji koti, akasema Birika.

— Hapo sasa! akadakia Breki. Na akikimbia, mkono hauvuti. Watamkamata vipi? Kumbe shati la dada yako linasaidia uhalifu toka zamani, ila hatukuwa na leseni.

Walilitafakari hilo kwa uzito wake. Ikaonekana kwamba mwizi aliyevaa shati linalobana hukamatwa ukutani, na kwamba nchi nzima inaweza kupunguza wizi kwa kubana makwapa. Wakili alitaka iandikwe. Bisibisi akasema saa nane na nusu, mzee wangu, tafadhali. Wakili akafumba macho, akapunga mkono kama hakimu anayeahirisha, na sharti la kwanza likafutika.

— La pili, la Mzee Breki. "Ni marufuku kuiuza."

— Hilo haliguswi.

— Wanasema aliyeipata anaweza kumpa mwenzake, na akitaka kuiuza aiuze. Huwezi kumzuia.

— Sasa bure gani hiyo inayouzwa? Breki alipandisha sauti mpaka mguu wa mlango wa kabati ukalia. Mimi nikikupa lifti bure, wewe ukamuuzia mwenzio kiti?

— Si bure ya kutolipa, mzee. Ni bure ya kutofungwa. Mtu aifungue, aone ilivyo ndani, arekebishe, agawe. Ni kama... Bisibisi akatafuta. Ni kama lori unalopewa na boneti inafunguka.

Breki akainua kichwa. Katika miaka thelathini, aliwahi kupewa lori moja la kampuni lililofungwa boneti kwa kufuli, funguo zikawa kwa meneja. Liliungua mlimani, yeye kasimama na ndoo ya maji, hana pa kuyamwaga. Kisa hicho benchi linakijua kwa moyo.

— Boneti inafunguka? akauliza kwa sauti ya chini.

— Inafunguka. Na funguo hazina meneja.

— Hata hivyo, wahenga walisema chema chajiuza. Sasa kama chema kinajiuza chenyewe, na mimi nimekataza kuuza, maana yake nimekataza wema. Na Wakili alitaka wema. Tumegongana, bwana! Leseni moja, madereva wawili, barabara nyembamba. Futa langu.

Likafutwa. Bisibisi alianza kupumua.

— La tatu, la Birika. "Kila atakayeitumia, akipita mtaa huu, amnyweshe kahawa mwandishi wake."

— Hilo ni adabu, akasema Birika. Si sharti, ni adabu.

— Ni adabu kahawa ikiwa ya kwako? akauliza Wakili.

— Sikilizeni walivyojibu. "Mfikirie mtu aliyekwama peke yake kisiwani, ana kompyuta na programu yako. Hawezi kukufikia wala kukutumia chochote. Leseni isimfanye mkosaji."

Gari la taka likapita, likaacha harufu yake, na hakuna aliyeziba pua.

— Mtu gani? akauliza Breki.

— Mtu yeyote. Ni mfano.

— Mfano hauandikwi kwenye barua ya kisheria, akasema Wakili. Huyo mtu yupo.

— Amekwama, ana kompyuta, anashona? Birika alisimama kutoka kwenye ndoo. Umeme anatoa wapi?

— Jua.

— Na kitambaa?

— Tanga la chombo kilichomkwamisha, akasema Breki, ambaye sasa alikuwa amejiegemeza kabisa. Mambo yako wazi. Ana tanga, ana jua, ana muda. Anajishonea nguo, maana hujui lini watakuja kumwokoa, na huwezi kuokolewa uchi.

— Mimi nasema huyo ndiye mwenye mfumo, akasema Wakili. Tajiri hawamtaji, sivyo? Mfumo wa dunia nzima usiwe na tajiri! Yupo. Kakimbilia kisiwani kukwepa kesi. Na anaogopa masharti kwa sababu yeye mwenyewe ana kompyuta moja tu na hawezi kutoka.

— Na barua hii kaileta nani kama hawezi kutoka?

— Ndiyo maana ilichelewa.

Birika akakaa tena. Akamimina kahawa, akaisukuma kwa Bisibisi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeumia kweli.

— Mimi sikujua kuna mtu kama huyo. Ningejua nisingeandika. Mtu yuko peke yake, hana hata wa kuzungumza naye, halafu mimi namdai kahawa? Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini huyu si mgeni wala jembe hana. Futa. Na kama kuna namna ya kumwandikia, mwandikie kwamba akitoka, kahawa ni juu yangu.

Bisibisi akafuta. Ilikuwa saa tisa kasoro kumi. Akafunika laptopu.

Walimtazama.

— Limebaki moja, akasema Wakili.

— Najua.

— La nne ni lako.

— Najua kwamba ni langu.

Hili walikuwa hawajalisoma kwa sauti, wala hapakuwa na haja. Benchi zima linatazamana na duka la ushonaji la ng'ambo ya barabara, lenye kioo kipana na sanamu mbili zisizo na vichwa. Mwenye duka lile alifundishwa na Dada. Alikaa mezani kwake miaka minne, akala kwake, akauguzwa kwake. Halafu Jumatatu moja hakuja. Na makaratasi ya kukatia yaliyokuwa yakining'inia ukutani nayo hayakuwepo. Baada ya mwezi, sanamu mbili zikasimama ng'ambo. Dada hakusema kitu. Alichora makaratasi mapya, akayatundika kwenye misumari ile ile. Aliyesema ni Bisibisi, na alisema kwa kuandika: "Fundi wa duka la ng'ambo, wanafunzi wake, na watoto wake, hawaruhusiwi kuitumia programu hii milele."

— Wanasemaje kwa hilo? akauliza Breki.

— "Kanuni yetu haimtengi mtu, wala kundi la watu. Hata mmoja. Hata kama alikukosea."

— Wamejuaje kama alikukosea?

— Mtu hamwandiki mwenzie hivyo kama hakumkosea, akasema Birika.

— Kikulacho ki nguoni mwako, akasema Breki. Ndiyo maana fundi nguo si wa kumwamini.

— Dada yangu ni fundi nguo.

— Nimesema fundi, sikusema dada.

— Mimi naona njia, akasema Wakili. Unaliacha, ila unalificha. Unaandika: asiruhusiwe mtu yeyote mwenye sanamu mbili zisizo na vichwa. Hapo hujamtaja.

— Atanunua ya tatu.

— Au unampa ruhusa yeye, unainyima mikono yake.

— Mzee wangu.

— Natafuta tu.

Bisibisi alikuwa na hasira, na ilikuwa hasira ya zamani iliyokwisha zoea mahali pake. Miezi minane alimtazama Dada akisugua vidole kwa mafuta, akimwambia andika, hapa ongeza sentimita moja na nusu, hapa pinda, na kila mstari aliouandika alifikiri: na yule wa ng'ambo ataupata huu pia, bure, kwa kubonyeza tu. Makaratasi aliyachukua kwa mkono wa wizi; hii ataichukua kwa mkono wa halali, na kwa saini yangu. Afadhali isiwepo. Kisha akafikiri juu ya zile kompyuta ishirini, na miaka miwili ya vidole, na akaona kwamba si afadhali. Akayaona yote mawili kwa pamoja na hakuweza kuinua mfuniko wa laptopu.

Ikagonga saa tisa na nusu kwenye redio ya kibandani.

Hapo ndipo mama mmoja alipovuka barabara. Alitoka upande wa sanamu, ana kitambaa cha kijani kimekunjwa kwapani. Hakuwa wa mtaa ule; alitazama milango kama mtu anayesoma namba zisizoandikwa.

— Hamjambo hapa?

— Hatujambo, mama. Karibu.

— Namtafuta dada mshonaji.

— Yuko kliniki, anarudi sasa hivi, akasema Bisibisi. Nani kakuelekeza?

— Yule fundi wa pale. Mama akaonyesha kwa kidevu. Nilimpelekea kitambaa nikamwambia nataka gauni ambalo nikiandika ubaoni halinivuti. Akakipima, akakiweka chini. Kasema mkono wa namna hiyo unamshinda mpaka leo, niende kwa mwalimu wake.

— Kasema nini?

— Niende kwa mwalimu wake.

— Kalitumia neno hilo? Mwalimu?

— Sasa nikuongezee la nini, kaka yangu? Ndivyo alivyosema. Na akanivusha macho mpaka nikafika huku.

Bisibisi akatazama ng'ambo. Nyuma ya kioo, kati ya sanamu mbili, palikuwa na mtu amesimama. Alipoona anatazamwa, akainama kama aliyeangusha pini.

Breki akakohoa. Wakili akapuliza kahawa iliyokwisha poa. Mama wa watu, kwa kutaka tu mazungumzo ya kusubiria, akauliza:

— Na yeye dada, alifundishwa na nani?

Ni swali dogo. Bisibisi alifungua mdomo ajibu, akakuta hamna kitu. Aligeuka kwa Breki, aliyekaa pale kabla hata Bisibisi hajafungua kibanda. Breki akamgeukia Wakili. Wakili akamgeukia Birika. Birika akachungulia ndani ya birika. Benchi lililojua mpaka anachovaa mtu wa kisiwani halikuwa na jibu.

Bisibisi akapiga simu.

— Dada, umemaliza?

— Naingia kwenye gari. Limefika wapi jambo letu?

— Linakwenda. Dada, wewe kukata ulifundishwa na nani?

— Umekumbwa na nini leo?

— Kuna mteja anauliza.

Kukawa na kelele za abiria, kisha sauti yake ikarudi, na ilikuwa na kicheko ndani.

— Sikufundishwa. Kulikuwa na fundi mmoja mzee njia ya shule. Nilikuwa nasimama dirishani kwake kila nikitoka, namwangalia anavyokata. Wewe hujazaliwa. Mwaka mzima na zaidi.

— Hakukufukuza?

— Mbona alihamisha meza.

— Akaipeleka wapi?

— Akaileta dirishani.

— Jina lake nani, Dada?

— Ndilo linaloniuma mpaka leo. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kuniuliza langu. Mwambie huyo mteja anisubiri.

Simu ikakatika. Bisibisi akainua mfuniko wa laptopu. Sharti la nne lilikuwa limebaki peke yake kwenye ukurasa mweupe, na lilivyobaki peke yake lilionekana fupi kuliko alivyolikumbuka. Akalifuta. Kisha akaenda kwenye orodha ya leseni zilizokwisha kubalika, akachukua moja ya mistari michache: chukua, tumia, fungua, rekebisha, gawa, yeyote, popote, ila usilifute jina la aliyetangulia.

— Leseni ya mtumba, akanung'unika Wakili. Iliyokwisha valiwa na watu.

— Inamkaa Dada? akauliza Birika.

— Inamkaa, akakiri Wakili.

Mahali pa jina Bisibisi akaandika la dada yake. Chini yake akaongeza mstari: na fundi wa dirishani, jina halijulikani. Akatuma saa kumi kasoro dakika nne. Halafu akatazama ng'ambo, na hakuinua mkono wala hakutabasamu, maana hakuwa amesamehe. Lakini hakuangalia pembeni.

Mama wa kitambaa bado alikuwa amesimama juani.

— Nikamsubirie wapi? akauliza.

Birika akatikisa birika, lilikuwa tupu. Na Breki, ambaye hajawahi kumpisha mtu, akayakusanya magoti yake, mguu wa mlango wa kabati ukalia, akasogea.